Sura ya Nne: Bei Anaijua, Deni Limemshika

Ukimpasua sangara, chini ya uti wa mgongo unakutana na mfuko mweupe wa hewa, ule unaomwezesha kupanda na kushuka majini. Kanda ya Ziwa huitwa bondo. Viwanda vya minofu vilipoenea kandokando ya Ziwa Victoria katika miaka ya 1990, Musoma ikiwa miongoni mwa miji iliyovipata, mvuvi alimuuza sangara mzima kwa kilo, na bondo likaenda humohumo tumboni bila kutajwa kwenye bei. Leo bondo lililokaushwa linasafiri hadi Hong Kong na China bara, linapikiwa supu ya sherehe na ya wageni wa heshima, na kilo yake inauzwa kwa bei ambayo kilo ya mnofu haiisogelei. Tena kilo na kilo hazilingani. Mabondo madogo madogo yaliyojaza kilo moja yana bei yake. Makubwa machache yenye uzito uleule yana bei nyingine kabisa. Mnunuzi hutazama uzito wa kila kipande, unene wake, ukavu wake na rangi yake.

Kwa mtu wa Busekera huko Majita, au wa kisiwa cha Rukuba, au wa Guta upande wa Bunda, aliyezoea kuuza samaki kwa mizani ya kuning'iniza, elimu hiyo ya madaraja ilikaa upande wa mnunuzi. Habari ya namna hii haivuji kwa semina. Inavuja kijana anapopata kibarua cha kukausha mabondo Mwanza na kumsimulia kaka yake. Inavuja wachuuzi wawili wanapobishana mwaloni na kutaja bei za madaraja bila kuangalia nani anasikiliza. Na tangu simu janja ziingie, inavuja kwa picha: bondo limewekwa juu ya mizani ya gramu, limepigwa picha, limetupwa kwenye grupu la WhatsApp na swali fupi chini yake, "Hili huko kwenu shilingi ngapi?"

Vitabu vingi vya biashara vingeishia hapo. Watu wameshirikishana maarifa, wamejua kutumia simu, wamepata bei nzuri, biashara imepaa. Mimi naona kazi ndiyo inaanza. Kwa sababu yupo mvuvi anayejua bei ya bondo mpaka daraja la mwisho, ana picha kwenye simu, ana namba za wanunuzi wa Mwanza, na bado asubuhi anawakabidhi samaki wake wote kwa mtu yuleyule, kwa bei anayopangiwa. Si mjinga huyo. Nyavu si zake. Injini si yake. Petroli aliyochoma usiku kucha ilitolewa na wakala wa kiwanda kwa makubaliano kwamba samaki watarudi kwake. Maarifa anayo kichwani, lakini hana ruhusa ya kuyatumia.

Kabla ya kumlaumu wakala, tujiulize nani mwingine angemkopesha mvuvi. Dhamana yake inaogelea. Benki haikubali samaki ambaye hajavuliwa, na mtumbwi wa mbao ni mali inayoweza kuzama leo usiku. Wakala, au tajiri kama anavyoitwa mialoni, anakopesha bila karatasi, anaongeza fedha mtoto akiugua, anachangia msiba. Kwa malipo ya ukarimu huo anapata kitu kimoja tu, nacho ni kikubwa: haki ya kuwa mnunuzi wa kwanza na wa mwisho. Deni lote limeandikwa kwenye daftari lake. Mvuvi hana nakala.

Uchumi wa simu una hadithi moja maarufu sana, na inatoka kwa wavuvi wenzetu wa India. Katika jimbo la Kerala, minara ya simu ilisimikwa kidogo kidogo kati ya 1997 na 2001, ukanda mmoja wa pwani baada ya mwingine. Mchumi Robert Jensen alifuatilia masoko ya dagaa wa huko kwa miaka hiyo. Kabla ya simu, mashua zilirudi kwenye fukwe za kwao bila kujua hali ya fukwe jirani, na siku nyingine samaki walimwagwa kwa kukosa wanunuzi ilhali kilomita chache kutoka hapo wanunuzi walikuwa wakirudi nyumbani mikono mitupu. Simu zilipoingia, nahodha aliuliza bei akiwa bado baharini. Umwagaji wa samaki, uliokuwa ukila kati ya asilimia 5 na 8 ya mavuno, ukaisha. Faida ya wavuvi ikapanda kwa takriban asilimia 8, na mlaji naye akapunguziwa bei kwa takriban asilimia 4. Makala yake ilitoka mwaka 2007, na tangu hapo hakuna mradi wa simu vijijini Afrika ambao haukuitaja.

Mwaka uliofuata, 2008, Thomas Molony alichapisha utafiti alioufanya hapahapa Tanzania, juu ya nyanya na viazi vinavyotoka Iringa kwenda Dar es Salaam. Simu zilikuwepo. Wakulima walizitumia. Lakini mkulima aliyekuwa amekopeshwa mtaji na dalali wa mjini hakuweza kumkimbia, hata aliposikia bei nzuri zaidi kwingine. Alihitaji mkopo wa msimu ujao kuliko alivyohitaji bei nzuri ya msimu huu. Utafiti huo haukupata umaarufu wa ule wa Kerala, kwa kuwa habari njema husafiri haraka kuliko habari yenye "lakini". Kwa mtu anayetaka kuuelewa mkoa wa Mara, wa Molony una manufaa zaidi. Swali la kumuuliza mfanyabiashara wa Musoma si kama anajua bei. Muulize anadaiwa na nani.

Hata hivyo Kerala ina sura ya pili ambayo watu hawaisomi, na hiyo inatuhusu sana. Miaka kumi na moja baada ya makala ile, Jensen na mwenzake Nolan Miller walichapisha utafiti mwingine wa Kerala, wakiwatazama mafundi wa mashua. Wavuvi walipoanza kuuza samaki katika fukwe za mbali, walikaa na wavuvi wa huko, wakaongea, wakagundua kwamba mashua za fundi fulani hudumu miaka mingi kuliko za fundi wa kwao. Wakaanza kuagiza kwa yule bora. Mafundi hodari wakakua, wakaajiri, wakagawana kazi. Waliokuwa wakibahatisha wakafunga karakana. Hakuna aliyewapa wavuvi mafunzo ya ubora wa mashua. Simu ilibadilisha mahali wanapouza, na mahali papya pakawapa watu wapya wa kuongea nao. Mazungumzo hayo hayakuwa kwenye mpango wa kampuni yoyote ya simu.

Ziwani kwetu mfano wa namna hiyo ni taa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza: taa huwekwa juu ya maji, wadudu na dagaa wakakusanyika, wavu ukafuata. Kwa miongo mingi taa ilikuwa karabai, na karabai hula mafuta ya taa kwa uchu. Mafuta yalikuwa sehemu kubwa ya gharama za kila usiku, na yakipanda bei mjini, faida ya kisiwani inazama. Katika miaka ya 2010 zilianza kujaribiwa taa za umeme wa jua na betri. Za mwanzo zilikuwa na kasoro: maji yaliingia, mwanga ulikuwa mdogo, chaji iliisha kabla ya alfajiri. Mafundi wa mialoni hawakungoja toleo jipya kutoka kiwandani. Walichukua betri za kawaida, balbu ndogo zenye mwanga mkali na vipande vya mbao vinavyoelea, wakatengeneza za kwao.

Ninachokipenda katika habari hii ni kwamba haikuwezekana kuificha. Ukiwasha taa mpya ziwani usiku, kila mtumbwi wa jirani unaiona, na asubuhi wanakuja kuuliza betri umenunua wapi. Aliyetangulia alifaidi kwa muda mfupi, kisha wengine wakamfikia. Wachumi wengine husema hali hiyo inaua ubunifu, kwamba mtu hatahangaika kubuni kitu kitakachoigwa kesho. Ziwa halikubaliani nao. Wavuvi huigana mchana kweupe na bado wanaendelea kubuni, kwa sababu fundi anayejulikana kwa kubuni huletewa kazi hata na walioiga. Siri inayodumu ni ile isiyoonekana kwa macho, kama madaraja ya bondo, na ndiyo maana biashara ya bondo imetajirisha wachache haraka zaidi kuliko biashara ya dagaa.

Hapa Mara tuna historia inayofaa kukumbukwa kila mtu anaposema "mafunzo ya kidijitali". Mwaka 1968, Tanzania ilianzisha, pamoja na UNESCO na UNDP ya Umoja wa Mataifa, mradi wa majaribio wa kisomo cha watu wazima katika mikoa minne ya ziwa: Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, ambao leo ni Kagera. Kiliitwa kisomo chenye manufaa. Wazo lake lilikuwa kwamba mtu mzima hafundishwi a, e, i, o, u kisha akaachwa ajitafutie cha kusoma. Anafundishwa kusoma kwa kazi yake. Mkulima wa pamba alikuwa na kitabu cha pamba, mvuvi cha uvuvi, wa migomba cha migomba, mfugaji cha mifugo. Aliyejua kusoma neno "mbolea" alikuwa amejifunza siku hiyohiyo mbolea inawekwa lini. Nchi ilichukua funzo hilo ikalipanua. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikadiriwa kuwa asilimia 67; kufikia 1986 serikali ilihesabu takriban asilimia 10. Katikati ya hapo, mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 walikaa kwenye vikundi kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo.

Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, aliipigia debe elimu hiyo kwa sababu zake za kisiasa, na tunaweza kubishana naye juu ya mengi. Lakini mpango ule ulielewa jambo moja ambalo mafunzo mengi ya leo hayalielewi: ujuzi mpya unahitaji kazi ya kuushikilia na kikundi cha kuuendeleza. Siku hizi mfanyabiashara wa soko la Nyasho huitwa ukumbini, anaonyeshwa jinsi ya kuwasha kompyuta, anafundishwa barua pepe, anapewa soda na cheti. Akirudi kwenye meza yake ya nyanya, hakuna anayemwandikia barua pepe. Baada ya miezi michache amesahau nywila, na mwandaaji ameshaandika ripoti kwamba washiriki wamejengewa uwezo.

Kinyume chake tazama jinsi watu hao hao walivyojifunza kutuma fedha. Vodacom ilianzisha M-Pesa Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya. Kabla ya hapo mwenye mtumbwi wa Musoma aliyetaka kupeleka fedha za petroli kisiwani aliziweka kwenye bahasha akamkabidhi mtu wa boti, au alinunua vocha, akasoma namba zake kwa simu, na aliyeko kule akaziuza kwa punguzo. Watu walikuwa wameshabuni huduma hiyo kwa mikono kabla ya kampuni kuibuni kwa mitambo. Ndiyo maana ilipokuja haikuhitaji cheti. Anayejua alimwonyesha asiyejua, mbele ya kibanda cha wakala, foleni nzima ikitazama. Bibi asiyesoma alikariri mpangilio wa batani kwenye kiswaswadu chake. Serikali ilipoweka tozo za miamala Julai 2021, watu walirudi kwenye fedha taslimu haraka vilevile, na habari ya namna ya kupunguza makato ilienea mialoni kabla ya magazeti kufika. Tozo hizo zilipunguzwa Septemba mwaka huohuo.

Hali ya hewa nayo ilipitia njia hiyo. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa ikitoa utabiri kwa miaka, kwa lugha ya wataalamu. Mradi wa kikanda ulioitwa HIGHWAY, ulioanza 2017 chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, uliwakutanisha watabiri wa nchi za ziwa na wavuvi wenyewe, wakarekebisha taarifa ziseme kile mvuvi anachotaka kujua: upepo utatoka wapi, mawimbi yatakuwaje, na saa ngapi. Kisha zikapitishwa kwa redio na kwa simu za viongozi wa BMU, vile vikundi vya usimamizi wa mialo. Kilichobadilika ni lugha ya utabiri na mtu anayeutamka.

Bunda ni mji wa barabarani. Basi la Mwanza kwenda Musoma au Sirari linapita hapo, lori la pamba linapita, watalii wa Serengeti wanaoingia kwa lango la Ndabaka hawako mbali. Katika mji wa namna hii, taasisi ya kidijitali yenye nguvu kuliko zote haiko kwenye mpango wowote wa TEHAMA. Ni steshenari. Chumba kimoja, kompyuta mbili, mashine ya kudurufu, picha za pasipoti kwa dakika tano. Hapo ndipo mtu anaombewa TIN, anasajiliwa jina la biashara BRELA, anajaziwa ombi la mkopo wa halmashauri. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024, maombi yake sasa yanapita kwenye mfumo wa mtandaoni. Zabuni za serikali zinapita kwenye mfumo wa NeST, uliochukua nafasi ya mfumo wa zamani mwaka 2023. Fundi seremala wa Butiama anayetaka kuwauzia shule madawati lazima awe humo. Seremala hayumo, ila kijana wa steshenari yumo kwa niaba yake.

Huu ni ushirikiano wa maarifa wa kweli, na bila huo vikundi vingi visingepata hata shilingi. Kijana huyo amejaza fomu za watu wengi kiasi kwamba anajua ombi gani hurudishwa na kwa kosa gani. Ofisa wa halmashauri mwenyewe humtuma mwombaji kwake. Lakini tazama alichobaki nacho. Barua pepe ya kikundi ameifungua yeye, kwa namba yake ya simu. Nywila iko kwenye daftari lake, au kichwani mwake. Akihama, akigombana na mwenyekiti, akifunga duka, kikundi kinakuwa kama hakijasajiliwa. Mvuvi alimwachia tajiri daftari la deni, na kikundi cha akina mama kimemwachia steshenari ufunguo wa jina lake. Sisemi vijana hawa ni wezi. Wengi wao wanatoza fedha kidogo kuliko kazi wanayofanya. Ninasema biashara ambayo haishiki nywila yake haijawa na ujuzi wa kidijitali. Imeuazima tu.

Dawa yake si ngumu, na wala si semina. Steshenari ndiyo darasa. Halmashauri ingeweza kumlipa kijana yule si kwa kujaza fomu bali kwa kumkalisha katibu wa kikundi kwenye kiti, mkono wa katibu ukiwa kwenye kipanya, mpaka ajaze yeye. Hicho ni kisomo chenye manufaa kwa kipimo cha leo. SIDO, ambayo imekuwa ikilea viwanda vidogo tangu 1973, inajua kufundisha kwa vitendo. Ingeanzia hapo badala ya ukumbini.

Kuhusu mashamba nitapita haraka. Muhogo ni chakula na biashara katika Butiama na Musoma vijijini, na maadui zake wakubwa ni batobato na michirizi ya kahawia. Kuna programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State nchini Marekani pamoja na watafiti wa muhogo wa Afrika. Unaelekeza kamera kwenye jani, inakuambia ugonjwa, inazungumza Kiswahili, na haihitaji mtandao. Ni kazi nzuri. Faida yake kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ipo pale inapowekwa mkononi mwa mtu mmoja anayeuza mbegu za muhogo kijijini na kushirikishwa majirani wote, kuliko inapowekwa kwenye simu mia ambazo hazitafunguliwa tena. Muuza mbegu ana sababu ya kuifungua kila siku, kwa kuwa jina lake linategemea mbegu safi. Butiama sasa ina chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu; wauza mbegu hao ndio ningependa wanafunzi wake waanze nao.

Turudi kwenye deni, kwa sababu simu yenyewe imeingia kwenye biashara ya kukopesha. Mama anayenunua dagaa kwenye mwalo wa Mwigobero, Musoma, na kuwapeleka sokoni kwa gunia hakopesheki benki, lakini kila siku anapokea na kutuma fedha kwa simu. Rekodi hiyo ni kitu ambacho bibi yake hakuwa nacho. Ni ushahidi wa mzunguko wa biashara, umeandikwa bila yeye kushika kalamu. M-Pawa ilianza mwaka 2014 kukopesha kwa msingi huo, na baada yake zikaja huduma za kuongezea salio pale muamala unapopungukiwa. Hapo mtu aliweza kukopa bila kumuuzia mkopeshaji samaki. Kwa hesabu yangu hayo ni mabadiliko makubwa kuliko bei yoyote iliyotumwa kwa ujumbe mfupi.

Kisha zikaja kausha damu za mtandaoni. Programu unayoipakua kwa dakika moja, inachukua orodha ya majina yote ya simu yako, inakupa fedha kidogo kwa siku chache, na ukichelewa inawatumia ujumbe wakwe zako na wateja wako ikikutangaza mdaiwa sugu. Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitaja majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha kidijitali bila leseni. Mwenye biashara ndogo anayeaibishwa mbele ya wateja wake amepoteza kile ambacho VICOBA na mwalo vimemjengea kwa miaka: kuaminika. Hapa maarifa yanayopita mdomo kwa mdomo yaliokoa wengi kuliko tangazo lolote. Wanawake wa kikundi huambiana kabla ya kufungua mkutano: ile msiiguse. Ni hao hao walioambiana juu ya ule ujumbe wa matapeli, "ile hela tuma kwenye namba hii". Kikundi kinachokutana kila wiki kina kinga ambayo mtu aliye peke yake na simu yake hana, na nadhani sababu ya wanaume vijana kunaswa mara kwa mara ni kwamba hawana wiki ya kukutana na mtu wa kumwambia.

Njia nyingine ya kutoka kwenye daftari la tajiri ni vizimba. Januari 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhi jijini Mwanza boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki kwa wavuvi wa Kanda ya Ziwa, kwa mikopo isiyo na riba kupitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo. Sato wa kizimba hafuatwi kwa petroli usiku, na unajua yuko wapi. Lakini anataka elimu ambayo uvuvi haukuifundisha: kilo za chakula kwa siku, uzito wa samaki kila baada ya majuma kadhaa, idadi ya waliokufa, hali ya maji. Upande wa Kenya walianza mapema, na wameshalipa ada. Novemba 2022 samaki wengi walikufa vizimbani karibu na Kisumu, maji yasiyo na oksijeni yalipopanda kutoka chini. Wajaluo wa Rorya wana ndugu huko. Habari za maji mabaya hupita mpaka kwa simu ya shemeji. Mfugaji wa Musoma asiye na shemeji Kisumu anategemea kuwa jirani wa mwenye shemeji.

Na mkopo huu, tofauti na ule wa nyavu, unadai daftari linaloandikwa na mkopaji mwenyewe. Benki italisoma. Mnunuzi atalisoma. Kikundi ambacho mwandishi ni mmoja, kijana mwenye simu nzuri, kina tatizo lilelile la steshenari: siku akiondoka kwenda kutafuta dhahabu Buhemba, chakula kinaendelea kumwagwa kizimbani na hesabu imesimama. Kinachofaa ni zamu. Wiki hii anaandika huyu, wiki ijayo yule, wanaume kwa wanawake, na picha ya ukurasa inatumwa kwenye grupu kila jioni, hata kama mwandiko wa wengine ni wa kubahatisha na mzee mmoja anaendelea kuandika kilo kwa debe.